Fahmi Amepiga Mara Mbili

Jumatatu, 30 Novemba

Vita vina siku nne. Wachina na Wajapani wanapigana baharini, kule mbali, na hapa Washington watu bado wanamalizia mabaki ya bata mzinga wa sikukuu yao ya Shukrani. Simu za ofisi hazijapumzika tangu saa tatu asubuhi. Wote wawili wanataka kitu kimoja: manowari zao zijaze mafuta kwenye bandari yetu, na za mwenzao zinyimwe. Wizara imejibu kwa mstari mmoja — "Ubalozi ushauri." Yaani sisi! Watu tisa na printa moja.

Balozi Abdulsamad kaniita. Hakuketi. Alisimama dirishani na kikombe chake, akasema tutaungana na nchi nyingine kumi, ndogo ndogo kama sisi, kutoa tamko la kutofungamana na upande wowote. Bandari zifungwe kwa wote. Rasimu niandike mimi. Kwa sababu mimi ndiye katibu wa kwanza, na kwa sababu, kasema, "wewe Benadetha huna maneno ya ziada."

Halafu habari ya pili. Meli ya mizigo ilipigwa jana, katikati ya wapiganaji. Nani kaipiga, hakuna ajuaye. Mabaharia ishirini na wawili, na mmoja ni wetu: Fahmi, fundi wa injini, mtu wa Tanga. Hajulikani alipo.

"Mmoja tu," nikasema.

Hilo "tu" linanikera mpaka sasa.

Jumanne, 1 Desemba

Mke wa Fahmi anaishi hapa hapa! Alexandria, mji wa pembeni mwa Washington, vituo viwili vya basi kutoka kwangu. Anaitwa Mwatime, anafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja. Alikuja ubalozini na sare ya kazi chini ya koti. Nilidhani kaja kuuliza. Kumbe kaja kutuambia.

Mumewe kapiga simu leo alfajiri. Namba ngeni. Simu ya Mwatime hurekodi yenyewe, kwa hiyo akatusikilizisha, mimi na Jawad, dereva wetu, na kunitumia nakala. Sauti ya mwanamume, karibu sana, kana kwamba kajifunika blanketi:

"Mwatime, mie mzima. Wachina ndio walotupiga. Waambie ubalozini." Kikohozi. "Waambie leo."

Basi. Nusura nimkumbatie yule mama. Mtu yu hai! Jawad akasema Alhamdulillahi, akaenda kuongeza chai. Mwatime peke yake hakufurahi. Nikamuuliza, si sauti yake?

"Sauti yake. Na kikohozi chake, cha sigara."

"Sasa?"

"Hakunisabahi, dada Bena. Fahmi hata tukiwa tumegombana hunisabahi."

Nikamwambia mtu aliyetoka kwenye moto hakumbuki salamu. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima tu.

Jumatano, 2 Desemba

Mkutano wa kwanza wa nchi kumi na moja. Chumba cha hoteli, hakina dirisha, zulia linanuka dawa. Kila mtu anasema neno "neutral" na kila mtu ana maana yake. Mmoja anataka tuwanyime wote mafuta lakini tuwauzie chakula. Mwingine anataka tunyamaze tu, tusiandike kitu, kwa sababu kilichoandikwa husomwa. Nkatha wa ubalozi wa jirani zetu Wakenya alikaa upande wangu. Tunajuana miaka mitatu, ndiye rafiki yangu wa kweli hapa. Akaninong'oneza: "Bena, hawa watu wanaogopa hata comma."

Mchana alikuja Bwana Kurosaki wa ubalozi wa Japani. Aliwahi kuishi kwetu miaka mitano, Kiswahili chake ni safi kuliko cha baadhi yetu. Macho mekundu. Mwanawe yuko kwenye manowari, alinieleza mlangoni, kabla hata ya kuvua koti. Halafu akatoa simu, akaiweka mezani kwa Balozi.

Sauti ya Fahmi. Ileile. Wachina ndio walotupiga.

"Mtu wenu amesema mwenyewe," Bwana Kurosaki alisema. "Mheshimiwa, bado mtakaa katikati?"

Balozi akamjibu kwamba tutatafakari. Mgeni alipotoka, Balozi aliniuliza kama mimi nimeitoa ile rekodi nje. Sijaitoa. Jawad naye hajaitoa. Mwatime nilimpigia kazini — hajampa mtu mwingine.

Sasa imefikaje kule?

Alhamisi, 3 Desemba

Fahmi amepiga tena.

Saa ileile ya alfajiri. Mwatime alikuwa ubalozini kabla yetu, kasimama kwenye ngazi, baridi imemkausha midomo. Alibonyeza simu tu.

"Mwatime, mie mzima. Wajapani ndio walotupiga. Waambie ubalozini." Kikohozi. "Waambie leo."

Jawad ndiye aliyefikiri. Ile ya kwanza ilikuwa tayari kwenye simu yangu. Akaziweka simu mbili mezani, akazianzisha pamoja.

Sijui niandikeje. Zilitembea sawasawa. Sauti moja, si mbili. Pumzi moja. Kisha "Wa—" na hapo zikaachana, kama mtu mmoja ana vinywa viwili. Halafu zikakutana tena kwenye "ndio". Zikakohoa pamoja.

Mwatime kavuta mtandio ukamfunika uso. Jawad akazima zote mbili. Nikamwambia, dada, hayo si maneno ya mumeo.

"Najua," akasema kutoka ndani ya mtandio. "Lakini sauti hii wameitoa wapi kama si kwake?"

Ijumaa, 4 Desemba

Nilijua atakuja, na kaja. Bi Shen wa ubalozi wa China. Mtu mzima, mpole, anazungumza Kiingereza taratibu kama anayevuka barabara. Rekodi yake: Wajapani ndio. Maneno yake karibu yaleyale ya Bwana Kurosaki — mtu wenu kasema mwenyewe, bado mko katikati?

Nikamuuliza waziwazi: nani kakupa?

Alishangaa. Kweli alishangaa, sura haiwezi kuigiza hivyo. Akasema: ninyi. Ilikuja kwa barua pepe, kutoka ofisini kwenu, na jina lako chini.

Nikampigia Bwana Kurosaki. Yeye pia — kutoka kwetu. Jina langu chini.

Nilifungua kompyuta mbele ya Balozi. Barua zilizotumwa: hakuna kitu. Bi Shen alikuwa bado ameketi. Mikono juu ya mkoba. Kisha akasema ameshindwa kulala tangu Jumapili, kila akipokea simu humwuliza aliyepiga swali ambalo jibu lake ni wao wawili tu walijuao, hata akiwa mama yake mzazi. Akaondoka.

Balozi ameagiza nywila zote zibadilishwe. Jawad, wakati ananishusha kituoni:

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Panzi tumewaona wote wawili, dada Bena, wamekuja kwa miguu yao, na hofu yao. Kunguru yuko wapi?"



Jumamosi, 5 Desemba

Nimekwenda Sterling na Mwatime. Kaka yake, Riyadh, ni mlinzi kwenye majengo ya kuhifadhia mashine za kompyuta, kilomita chache kutoka uwanja wa ndege. Mwatime alitaka amuulize mtu anayekaa karibu na mashine.

Sijapata kuyatazama vizuri. Majengo makubwa kama maghala, meupe, hayana madirisha, yamepangana mpaka macho yanachoka. Hakuna watu. Magari manane kwenye maegesho ya magari mia tano. Na mvumo — haupandi, haushuki. Unauhisi kwanza kwenye meno.

Riyadh alitoka wakati wa mapumziko na vitumbua vya mkewe kwenye karatasi. Kijana mcheshi. Nikamuuliza humo ndani mna nini.

"Wallahi sijui, dada. Mwaka wa nne huu nalinda, na sijui nalinda nini."

Alisikiliza rekodi zote mbili. Ucheshi ukamwisha. Akasema vijana wa zamu ya mchana walimwonyesha, siku hizi sauti ya mtu hutengenezwa. Huhitaji mengi. Sekunde chache tu za mtu akiongea, basi mashine inamsemesha itakalo. Mwatime akauliza, na mtu mwenyewe lazima awe hai?

Riyadh alimpa dada yake kitumbua.

Tulirudi kwa basi. Nimefika nyumbani na mvumo bado umo masikioni.

Jumapili, 6 Desemba

Misa. Padri anahubiri, mimi nasikiliza watu wanavyokohoa.

Mama amepiga kutoka nyumbani. Nilimuuliza jina la mbuzi wetu aliyeanguka kisimani nilipokuwa mdogo. Alinicheka. Alijibu sawa. Nikaona aibu — na nilipumua.

Jumatatu, 7 Desemba

Mkutano wa pili. Kumbe si sisi peke yetu! Tulipoeleza habari ya Fahmi, mmoja baada ya mwingine wakaanza kutoa habari zao. Nchi tano kati ya kumi na moja zimepokea sauti. Baharia, mfanyabiashara, mwanafunzi. Nkatha anasema kwao ni msichana anayesoma kule kunakopiganwa, Jelagat, analia na kuomba Kenya iamue haraka. Wamempata Jelagat halisi: yuko bwenini, mzima, hajampigia mtu.

Halafu ugomvi. Wawili wanasema hata kama sauti ni za uongo, mtu fulani kweli kaipiga ile meli. Huwezi kukaa katikati ya muuaji na aliyeuawa. Hoja nzito. Sikuweza kuiacha ipite. Nilisimama, nikasema: sisi hatukatai kwamba kuna muuaji. Tunakataa kuonyeshwa muuaji na mtu asiye na uso. Siku tutakapojua, tutasema. Mpaka hapo, mafuta yetu yasiue mtu.

Balozi Abdulsamad aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Hajawahi kunitazama hivyo. Nkatha akanibinya mkono chini ya meza: "Aki Bena, umewamaliza."

Tumekubaliana kutia saini Alhamisi, saa kumi jioni.

Jioni ujumbe kutoka Wizarani: wavuvi wameokoa mabaharia watatu wa ile meli, wako hospitali kwenye kisiwa kimoja. Wawili wametaja majina. Si Fahmi. Wa tatu kaungua uso na koo, hawezi kusema.

Jumanne, 8 Desemba

Picha ya yule wa tatu imefika. Bandeji kichwa kizima. Kilichobaki wazi ni mikono.

Nilimwita Mwatime. Alileta uso karibu na kioo, akaikuza, akaipunguza. Mafuta ya injini kwenye kucha. Kovu dogo. Nilisubiri apige ukelele, wa furaha au wa kilio, nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Sijui," akasema. "Miaka kumi na minne nimemvisha, nimemlisha. Sijui, dada Bena. Ile sauti nimeisikiliza mara nyingi mpaka imemla mtu wangu."

Ndipo akaomba kitu. Apigiwe yule mgonjwa, simu iwekwe sikioni kwake, yeye amsalimie. Ikiwa ni Fahmi, atasikia salamu. Ikiwa siye, basi ni mtoto wa mtu, naye salamu haimdhuru.

Ilituchukua saa mbili kumpata muuguzi. Mwenye Kiingereza chepesi, mchovu. Nilimweleza: nipo na mwanamke anayedhani huyo ni mumewe, anaomba dakika moja. Muuguzi akasema hakuna shida. Halafu:

"Ni yule yule mke wa jana?"

Nikauliza, mke gani wa jana?

Jana mwanamke alipiga. Analia. Akaomba simu iwekwe sikioni kwa mgonjwa. Muuguzi hakuijua lugha yao. Waliongea — aliongea yeye — dakika kumi. Mgonjwa alitaka kuinuka kitandani mpaka wakamshika.

Mwatime jana alikuwa kazini toka saa moja asubuhi. Simu yake ilikuwa kwenye kabati la wafanyakazi.

Nilimtazama, akawa ananitazama. Kiingereza alikisikia, hakuhitaji nimtafsirie. Nilidhani atakata simu. Alichukua simu kwa mikono miwili, akasema, "Mwekee." Na akaongea. Sitayaandika aliyoyasema, ni ya mtu na mumewe. Hakulia. Aliongea polepole kama anayemvusha mtu kwenye giza kwa mkono.

Mwishoni muuguzi akarudi. Mgonjwa hakuinuka safari hii. Amelala kimya, machozi yanatoka kwenye bandeji.

"Ya maumivu labda," muuguzi akasema.

Labda.

Jumatano, 9 Desemba

Balozi katoa amri: jambo la tamko ni uso kwa uso. Hakuna simu, hakuna barua pepe. Jawad kapeleka rasimu ya mwisho kwa balozi kumi kwa mkono, kutwa nzima barabarani. Wamerudisha zote, kila mmoja kaweka herufi za mwanzo za jina lake kwa kalamu. Hata wale wawili wabishi.

Wizara imekubali Mwatime akatiwe tiketi. Anaondoka Jumamosi, kwenda kumwona yule mtu kwa macho yake. Nilimpelekea habari hotelini, mlango wa nyuma, mvuke wa pasi unamtoka kwenye nguo. Akaniuliza, nikifika nikakuta si yeye? Nikasema utarudi. Akasema hapana — nitakaa naye mpaka watu wake watokee.

Leo kwa mara ya kwanza nimekula chakula nikakisikia ladha.

Alhamisi, 10 Desemba

Saa saba na nusu mchana. Naandika ofisini.

Nkatha kaja, bila miadi, koti limefungwa vifungo kombo. Hajanisalimu.

"Bena, kwa nini unanifanyia hivi?"

Nikauliza nimefanya nini.

"Wacha mchezo. Umenipigia saa mbili asubuhi. Mwenyewe. Umeniambia Balozi wenu amejitoa, bandari mnafungua, na sisi tujipange mapema. Nikakuuliza, ni serious? Ukasema, 'Nkatha, mimi ndiye nakwambia.' Nimeenda kumwambia boss. Ameshapigia wengine. Watatu wamejitoa, Bena! Watatu!"

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye basi. Nilimwonyesha simu yangu. Hakuna simu iliyotoka. Alinionyesha ya kwake. Jina langu, dakika nne.

"Tulikubaliana hakuna simu," nikasema.

"Ulikuwa unalia," akasema. "Ningekata vipi?"

Tukakaa. Nilisema mambo kadhaa, ya kwamba si mimi, ya kwamba twende kwa miguu kwa kila balozi, bado tuna saa mbili na nusu. Nilipokuwa nasema niliona anasikiliza sauti tu, maneno hayasikilizi. Anaipima. Miaka mitatu tunajuana! Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Mlango wa Balozi umefungwa. Jawad anasema kajifungia ndani tangu saa saba, mimi nikiwa nje kwa chakula, yuko kwenye simu. Ukuta kati yetu ni mwembamba. Nkatha kaniinulia kidole: sikiliza.

Balozi anazungumza, kwa upole, kama anavyozungumza na mtu aliyefiwa. Anasema hapana, usijilaumu. Anasema kama Wizara imebadili msimamo, basi hatuna la kufanya. Anasema:

"Ndiyo, Benadetha. Nakusikia. Endelea."

Nkatha ananitazama mdomo. Umefungwa. Namshukuru Mungu yupo, ameuona umefungwa.

Nimekwenda mlangoni. Nimebisha. Nimebisha tena, kwa ngumi. Naandika nimesimama, daftari nimelilaza juu ya kabati la mafaili, kwa sababu sithubutu kumwita kwa sauti.

Ndani kiti kimesogea. Kisha Balozi, si kwangu:

"Subiri hapo hapo, Benadetha. Kuna mtu mlangoni."